Kipaji cha raundi ya kwanza, faili la raundi ya tano: mnampimaje mchezaji wa drafti ya NFL?

Yadi_Kumi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wanaofuatilia kwa undani drafti ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, yaani ule mchakato wa raundi saba ambapo timu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni; utani wa timu tuuache kwenye nyuzi nyingine.

Natoa mchezaji wa mfano, hayupo duniani, ili tusimjadili mtoto wa mtu. Mlinzi wa pembeni, kazi yake kumwinda kwotabeki, yule mrushaji wa timu pinzani. Miaka 21, futi 6 na inchi 4, pauni 262. Filamu yake, yaani video za mechi zake, ni ya nafasi 10 za juu. Faili lake lina mambo matatu:

(a) Kocha alimsimamisha mechi mbili kwa kukosa vikao vya matibabu na masomo.
(b) Alikutwa na bangi mara moja, mwaka wake wa pili chuoni.
(c) Alikamatwa kwa kupigana nje ya baa, mashtaka yakafutwa.

Timu yako ina nafasi ya 20 (raundi ya kwanza) na ya 52 (raundi ya pili). Unafanyaje? Sitaki jibu la "kila mtu anastahili nafasi ya pili" wala "kipaji ndiyo kila kitu". Leteni hesabu na utaratibu.

BwanaFaili

Mkuu, tunapoteana pale tunapoyaita yote matatu "nidhamu" na kuyatoza bei moja. Ni wanyama watatu tofauti.

Nianze na (b) kwa kuwa ndilo jepesi. Zamani bangi ilikuwa inamtoa mtu uwanjani. Josh Gordon, ambaye Browns walimlipia chaguo la raundi ya pili kwenye drafti ya nyongeza ya 2012, aliongoza ligi kwa yadi 1,646 mwaka 2013 akiwa amecheza mechi 14 tu, kisha adhabu zikamla miaka yake bora. Mkataba wa pamoja wa 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliondoa kusimamishwa kwa sababu ya kukutwa na bangi tu, na kiwango cha kipimo kikapanda kutoka nanogramu 35 hadi 150. Desemba 2024 kikapandishwa tena hadi 350. Kwa hiyo bangi ya 2012 na bangi ya leo hazina bei moja, na mtu anayekuletea Gordon kama mfano bila kutaja hilo anakupotosha.

Kitu cha kuangalia kwenye (b) ni tarehe. Kipimo cha kushtukiza chuoni ni jambo moja. Kipimo cha kombaini, yale majaribio ya pamoja kabla ya drafti kule Indianapolis, ni jingine, maana kila mchezaji anajua miezi kabla kwamba kitakuwepo. Randy Gregory alishindwa kile cha 2015 akaangukia nafasi ya 60. Anayeshindwa mtihani uliotangaziwa tarehe anakwambia ama hawezi kuacha, ama hajali. Vyote viwili vinakuhusu.

(c) siwezi kulipima mpaka nione karatasi. "Mashtaka yamefutwa" ni maneno yanayobeba mambo mengi: shahidi hakufika, ama alipitia programu ya marekebisho, ama hakuwa yeye kabisa. Unaomba ripoti ya polisi na jalada la mahakama, unatafuta video ya kamera ya askari. Gazeti unaliweka pembeni.

Linaloninyima usingizi ni (a), lile ambalo watu hulipita haraka. Chuoni ana mtu wa kumwamsha, mtu wa kumkagua darasani, mtu wa kumpeleka mazoezini. NFL anapata pesa, nyumba yake mwenyewe na Jumanne ya mapumziko. Aliyekuwa anakosa matibabu akiwa amezungukwa na waangalizi, atafanyaje wakishaondoka?

Mtaa_wa_Nne

Boss, hiyo hofu ndiyo iliwafanya Cowboys wamwache Randy Moss 1998. Nafasi ya 8 wakachukua mtu mwingine. Moss akaanguka hadi 21, akafunga tachidauni 17 msimu wake wa kwanza, na siku ya Thanksgiving akawapiga Cowboys hao hao tatu kwa mipira mitatu tu, yadi 163. Kipaji kama hicho huachi.

KabatiLaFilamu

@Mtaa_wa_Nne mfano wako ni mzuri ila umeukata mkia. Faili la Moss lilikuwa zito kweli: ugomvi wa shule ya sekondari uliomfanya akiri kosa dogo la kupiga na kumkosesha Notre Dame, kisha Florida State wakamtoa kwa bangi, akaenda kumalizia Marshall. Lakini tazama alipotua. Minnesota alikuwepo Cris Carter, mpokeaji ambaye mwenyewe Eagles walimwacha 1990 kwa matatizo ya ulevi na dawa, kisha akajijenga upya hapo hapo Vikings. Kaka yake Moss kwa upande mmoja wa wazazi, Eric, alikuwa kwenye timu hiyo hiyo. Kocha Dennis Green alikuwa kwenye kiti tangu 1992. Na Vikings hawakuhitaji Moss awaokoe, tayari walikuwa na washambuliaji wa kutosha. Timu ile ilimaliza 15-1.

Sasa geuza. 1996 Rams walimchukua Lawrence Phillips nafasi ya 6, miezi michache baada ya kesi ya kumshambulia aliyekuwa mpenzi wake akiwa Nebraska. Siku hiyo hiyo ya drafti wakamuuza Jerome Bettis, mkimbiaji wao wa nafasi hiyo hiyo, kwa Steelers. Hapo ndipo ninaposhika kichwa kila nikiisoma habari hii. Ukimchukua mtu wa hatari, usichome daraja lako la pili jioni ile ile. Novemba 1997 Phillips alishaachwa. Bettis yuko kwenye Ukumbi wa Mashujaa.

Na Browns 2014 na Johnny Manziel, nafasi ya 22: kocha mpya, meneja mkuu mpya, na ndani ya jengo hilo hilo yuko Gordon anayesubiri adhabu yake. Machi 2016 Manziel yuko nje. Nani alikuwa wa kumshika mkono pale?

Kwa hiyo kabla sijasoma faili la kijana wa Yadi_Kumi nauliza faili la timu. Kocha wa safu yake ana mkataba wa miaka mingapi iliyobaki? Kwenye safu ya ulinzi kuna mkongwe wa miaka 30 anayesikilizwa? Je, tayari kuna mtu mwingine wa aina hii kwenye kikosi? Mmoja unaweza kumbeba. Wawili chumba kimoja, wanabebana wao kwa wao.

MamaTawi

Nimesoma, nakubali mengi, ila (c) msilipitishe chini ya meza eti "ugomvi wa baa".

Uliza alimpiga nani. Mwanamume wa umri wake waliyesukumana naye ni kesi moja. Mwanamke, au mtu aliyekuwa ameshaanguka chini, ni kesi nyingine kabisa. Tangu Desemba 2014 sera ya mwenendo ya ligi inaanzia mechi 6 bila mshahara kwa kosa la kwanza la shambulio, ukatili wa nyumbani au wa kingono, na ligi haihitaji hukumu ya mahakama ili iadhibu. Tangu 2016 mwenye hatia ya makosa ya aina hiyo haalikwi hata kombaini. Joe Mixon hakwenda Indianapolis 2017, Bengals wakamchukua nafasi ya 48, miezi michache baada ya video ya lile pigo la 2014 kutoka hadharani.

Halafu kuna huu msemo wa "raundi ya tano huna cha kupoteza". Tyreek Hill alichukuliwa na Chiefs nafasi ya 165 mwaka 2016 akiwa amekiri kosa la kumshambulia mpenzi wake mjamzito. Uwanjani akawa moto. Lakini mwenye kusema Chiefs hawakupoteza chochote anahesabu yadi tu. Kuna mwanamke upande wa pili wa lile jalada, na yeye hakupewa punguzo la bei. Mimi kwa ubao wangu, ile orodha ya wa kuchaguliwa, jeuri ya kumpiga mtu asiyeweza kujitetea haishushwi raundi. Inatolewa ubaoni, hata raundi ya saba.

Mtaa_wa_Nne

@MamaTawi hilo sina ubishi nalo.

Hesabu_Kali

Mimi nilete upande wa pesa, maana humu watu wanasema "anguko la raundi" kana kwamba raundi ndiyo gharama.

Tangu mkataba wa 2011 mishahara ya wachezaji wapya imepangwa kwa ngazi. Nafasi yako ndiyo mshahara wako, karibu hakuna cha kubishania. Miaka 4, na raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Kinachobaki kujadiliwa ni lugha ya dhamana na ratiba ya kulipa bonasi. Hapo ndipo faili la mtu linapoingia kwenye karatasi.

Chukua mfano wa kubuni, bonasi ya kusaini dola milioni 4. Kwenye kikomo cha mishahara inagawanywa miaka 4, milioni 1 kila mwaka. Ukimwacha baada ya msimu wa kwanza, milioni 3 zilizobaki zinakuangukia kwa mkupuo kama pesa mfu, yaani inahesabiwa kwako na mchezaji huna. Ukisubiri mpaka baada ya Juni 1, inakuangukia milioni 1 mwaka huo na 2 mwaka unaofuata. Inauma, ila haiui timu.

Kwa mtu wa namna hii unaweka vipengele viwili. Kwanza, akisimamishwa na ligi, dhamana ya mishahara iliyobaki inakufa. Pili, bonasi isilipwe yote siku ya kusaini, ilipwe kwa vipande, na sehemu ya malipo ihamie kwenye bonasi za kuwemo kikosini, ili pesa imfuate akiwa kazini. Wakala mzuri atapigana na kipengele cha kwanza. Akipigana kupita kiasi, hiyo nayo ni taarifa.

Lakini hatari kubwa haiko kwenye drafti. Iko kwenye mkataba wa pili. Aaron Hernandez alikuwa nafasi ya 113 mwaka 2010, gharama ya nauli tu. Patriots walijifunga 2012 walipompa nyongeza ya dola milioni 40. Juni 2013 akakamatwa, 2015 akahukumiwa kwa mauaji. Kwa hiyo ukimchukua kijana wa Yadi_Kumi, andika leo masharti ya kumwongezea mkataba mwaka wa tatu, wakati bado hujampenda.

Yadi_Kumi

Nimekuelewa @Hesabu_Kali. Swali kwa @BwanaFaili: ukweli wa (a) unaupataje? Makocha wa chuo wote watasema ni mtoto mzuri.

BwanaFaili

Kocha mkuu anauza. Anataka mchezaji wake aende juu ili amtangaze kwa vijana wa mwaka kesho. Usimwanzie yeye.

Anza chini. Mtunza vifaa anajua nani anarusha taulo sakafuni. Mtaalamu wa matibabu anajua nani anafika saa 12 asubuhi na nani anafika mlango ukifungwa. Mshauri wa masomo, kocha wa nguvu, kocha wa sekondari, mwenzake wa chumba. Skauti wa kanda anapita chuo hicho zaidi ya mara moja kwa msimu, kwa hiyo kila mara aongee na mtu mwingine, asirudi kwa yule yule mwenye maneno matamu.

Na usiulize "ni mtu wa aina gani?" Utapewa hotuba. Uliza vitu vinavyohesabika: amekosa vikao vingapi vya matibabu tangu Agosti? Alikosa kabla ya kuumia au baada? Aliposimamishwa zile mechi mbili alikuja mazoezini au alipotea? Alimwomba nani msamaha? Majibu ya watu watatu yakifanana, una ukweli. Yakitofautiana, rudi tena.

Kisha yeye mwenyewe. Mahojiano rasmi ya kombaini ni mafupi, hayafiki nusu saa, kwa hiyo usiyapoteze kwa kumuuliza angependa kuwa mnyama gani. Mwambie asimulie usiku wa (c) toka mwanzo, akiwa hajui kwamba ripoti ya polisi umeisoma. Hutafuti majuto, majuto wakala kashamfundisha. Unatafuta kama simulizi inalingana na karatasi. Tofauti ndogo za kumbukumbu ni za kawaida. Akijiondoa kwenye kitu ambacho video inamwonyesha, basi tatizo si ule ugomvi tena.

Mipaka ipo. 2010 meneja mkuu wa Dolphins alimuuliza Dez Bryant kuhusu mama yake swali la kudhalilisha, akalazimika kuomba radhi hadharani. Tangu 2022 ligi imetangaza adhabu ya kuanzia dola 150,000, na hata kupoteza chaguo la raundi ya 1 hadi 4, kwa maswali ya aina hiyo.

Mwisho, kila timu ina wageni 30 wa kuwaalika kwenye makao yake kabla ya drafti. Huyu lazima awe mmoja wao. Jioni mfundishe mipango mitano ya ulinzi, asubuhi mwambie aichore ubaoni bila karatasi. Halafu muulize dereva aliyemtoa uwanja wa ndege na dada wa mapokezi. Hao hawana ubao wa drafti.

KabatiLaFilamu

Niongeze kitu kuhusu siku ya maonyesho chuoni, pale maskauti wanapokuja kuwapima wachezaji, maana huko ndiko (a) hujitokeza kwa macho. Jalen Carter, 2023. Januari 15 ilitokea ajali iliyowaua mchezaji mwenzake na mfanyakazi wa timu ya Georgia. Carter akashtakiwa kwa kuendesha kwa uzembe na kushindana mbio barabarani, makosa madogo mawili. Hakukana wala kukiri, akapewa miezi 12 ya uangalizi, faini ya dola 1,000 na saa 80 za kazi za jamii. Siku moja kabla ya hapo alikuwa amefika maonyesho ya Georgia na pauni 9 zaidi ya zile za kombaini, akashindwa kumaliza mazoezi ya nafasi yake. Kwa maskauti wengi hilo la pili lilikuwa na uzito wake lenyewe.

Eagles walipanda kutoka 10 hadi 9 kumchukua, wakatoa raundi ya nne ya 2024. Kwa nini wao? Walikuwa na Jordan Davis na Nakobe Dean, wenzake wa Georgia, na usiku ule ule wakaongeza Nolan Smith nafasi ya 30. Wakongwe Fletcher Cox na Brandon Graham walikuwa bado wapo. Yaani walishamjengea chumba. Akawa sehemu ya ubingwa wa Februari 2025.

Na bado: Septemba 4, 2025, mechi ya ufunguzi, alimtemea mate kwotabeki wa Dallas, akatolewa kabla hajacheza mpira hata mmoja. Chumba kizuri hupunguza, hakifuti. Bei yake ilibidi iwe na nafasi ya siku kama ile.

Mtaa_wa_Nne

Na habari ya dakika ya mwisho je? Laremy Tunsil 2016, mzuiaji wa safu ya mbele, video ya bangi imerushwa dakika chache kabla ya drafti kuanza. Akaanguka hadi 13, wazuiaji wawili wa nafasi yake wakatangulia mbele yake. Mamilioni yameyeyuka kwa simu moja.

BwanaFaili

@Mtaa_wa_Nne ile video ilikuwa ya zamani, na timu iliyokuwa imefanya kazi yake haikuambiwa kitu kipya kuhusu tabia yake. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu mwenye uwezo wa kuingia kwenye akaunti zake anataka kumwangamiza. Hilo ni la kitengo cha usalama, si la skauti. Dolphins walitulia, na miaka mitatu baadaye wakamuuza Houston kwa mzigo wenye raundi mbili za kwanza ndani yake.

Habari mbaya zaidi ni ile unayoshindwa kuithibitisha kwa muda uliobaki. La'el Collins, 2015. Siku chache kabla ya drafti polisi walisema wanataka kuongea naye kuhusu kifo cha aliyekuwa mpenzi wake. Hawakumtaja kuwa mshukiwa. Mtu aliyetarajiwa raundi ya kwanza hakuchaguliwa kabisa kwa raundi zote saba. Polisi wakaongea naye, hakushtakiwa kwa lolote, na Cowboys wakamsajili kwa mkataba uliodhaminiwa wote. Siwalaumu sana wale 32 kwa usiku wa kwanza. Ila raundi ya sita na ya saba, ambako chaguo karibu halina thamani, sijawahi kuelewa.

Hesabu_Kali

Ndiyo maana sharti liandikwe Jumatano, kabla raundi ya kwanza haijaanza Alhamisi. Kila mchezaji mwenye alama nyekundu awe na mstari mmoja: "kuanzia nafasi hii tunamchukua, juu ya hapo hapana". Saa ikianza kukimbia, mwenye timu ameingia chumbani na kila mtu anapiga kelele, hakuna anayefikiri. Raundi ya pili una dakika 7 tu.

MamaTawi

Na mstari huo uandikwe jina la atakayemsimamia. Si "idara". Jina. Cowboys walipomwekea Dez Bryant masharti 2012 yalikuwa ya kueleweka: ndani kabla ya saa sita usiku, hakuna pombe, ushauri nasaha mara mbili kwa wiki, walinzi watatu wa zamu. Alikuwa na umri wa miaka 23 na tayari miaka miwili ligini. Kwa nini yasiandikwe siku ya kwanza, kabla ya kukamatwa?

Yadi_Kumi

Basi natoa taarifa ya ziada mnihukumie. (c): video inaonyesha alisukumwa kwanza, akarusha ngumi moja kwa mwanamume wa umri wake, akaondoka. Simulizi yake inalingana. (a): vikao 11 vya matibabu alivyokosa, vyote kabla ya kusimamishwa. Baada ya hapo, sifuri. Timu ina mkongwe wa pembeni mwenye mkataba wa miaka miwili.

BwanaFaili

Hiyo sifuri ndiyo niliyokuwa naitafuta. Ila thibitisha kwa mtaalamu wa matibabu, usichukue karatasi ya wakala. Nafasi ya 20 bado siendi.

MamaTawi

Kwa video hiyo anabaki ubaoni kwangu. Raundi ya pili.

KabatiLaFilamu

Raundi ya pili, ndiyo. Tatizo hatafika 52. Mtu mwenye filamu ya namna hiyo ataondoka asubuhi ya Ijumaa kwenye simu, kabla hata kipindi hakijaanza.

Hesabu_Kali

Basi panda. Kwa jedwali la Jimmy Johnson, linaloipa kila nafasi ya drafti pointi za thamani, nafasi ya 52 ni pointi 380, ya 40 ni 500. Pengo 120, ambayo ni nafasi ya 95 kamili. Toa 52 na 95, chukua 40. Nafasi ya 20 yenye pointi 850 inabaki kwa mchezaji safi, na huyu akiharibika umepoteza raundi ya pili na mkia wa tatu. Yadi_Kumi, hukusema kama 95 unayo.

Yadi_Kumi

Sina. Nina 84.

Hesabu_Kali

84 ni 170. Toa 52 na 84, omba 40 na raundi ya tano yao irudi. Simu ipigwe Alhamisi usiku, wenye 40 wakiwa bado wanasikitikia aliyewaponyoka.